Nguruwe Hana Kesi ya Kujibu

Tuanze na mnyoo. Wengi wanaozungumzia ugonjwa huu huanza na nguruwe, na hapo hapo ndipo wanapopotea.

Tegu wa nguruwe, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Taenia solium, hukomaa mahali pamoja tu, nalo ni tumbo la binadamu. Si la mbwa, si la ng'ombe, wala si la huyo nguruwe aliyebebeshwa jina lake. Humo utumboni anarefuka kufikia mita kadhaa, na mwenye tumbo mara nyingi hana habari. Labda tumbo linaunguruma kidogo, labda hamu ya kula inapanda na kushuka. Vipande vya mnyoo huyo, kila kimoja na maelfu ya mayai, hutoka na haja kubwa. Nguruwe anaingia kwenye kesi hii akiwa amechelewa. Anaingia na njaa yake, kaachiwa azurure baada ya mavuno, anakuta kinyesi cha mtu nyuma ya migomba na anakila. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, viluwiluwi vinaingia kwenye damu na kwenda kujificha katika ulimi, moyo, mapaja na ubongo, kila kimoja ndani ya kifuko cheupe cha maji, kidogo kama punje ya mchele au harage changa. Sisi tukiila nyama hiyo haijaiva sawasawa, tunarudishiwa mnyoo wetu.

Wetu. Nalisisitiza neno hilo kwa sababu miaka yote niliyokulia Songea sikuwahi kulisikia. Nilichosikia ni kwamba nguruwe ni mchafu, nguruwe ana minyoo, nguruwe analeta kifafa. Nilichosikia kilikuwa hukumu, na mshtakiwa hakuwahi kupewa nafasi ya kusema kwamba alichokula alikikuta kimeachwa na mlalamikaji.

Nasoma shahada ya uzamili Morogoro, kwenye fani ambayo nikiitaja nyumbani naulizwa kama ni ya kutibu watu au mifugo. Jibu kwamba ni vyote viwili, pamoja na mazingira wanamoishi, huwa linaleta ukimya wa heshima, ule wa mtu aliyekata tamaa ya kukuelewa. Serikali yenyewe inaiita Afya Moja. Ina dawati lake la uratibu chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na mpango mkakati wake ulizinduliwa rasmi mwaka 2018. Maneno hayo mawili nayapenda. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoyatumia. Tunayatumia kana kwamba afya ni moja, lakini mgonjwa ni mmoja pia, naye ni mtu, na mnyama yumo kwenye mchoro kama chanzo cha hatari tu, kama vile king'ora cha moto ambacho kimeota miguu minne.

Twende kwenye ushahidi wa karibu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Wilaya ya Nyasa, hapa hapa Ruvuma. Watafiti walikagua ndimi za nguruwe 698 na kuona punje kwa takribani asilimia 6. Kisha wakapima damu za nguruwe 330. Theluthi moja walionekana wameambukizwa. Kipimo hicho cha damu kina udhaifu wake, kinaweza kumchanganya tegu huyu na jamaa yake anayetoka kwa mbwa, kwa hiyo sitaki mtu aikariri theluthi hiyo kama aya ya msahafu. Lakini hata ukiipunguza, pengo kati ya namba hizo mbili linatisha. Ulimi ndio kipimo pekee ambacho mfugaji na mchuuzi wanacho. Na sehemu ya nyama inayochomwa jioni Songea mjini, Lizaboni mpaka Mfaranyaki, imeshuka kutoka milima ya Mbinga na kingo za ziwa, ikiwa hai, imefungwa miguu juu ya pikipiki.

Mayai ya tegu hayamhitaji nguruwe ili yamdhuru mtu. Yakipita kwenye mkono usionawa, kwenye mchicha uliooshwa kwa maji ya bondeni, kwenye kikombe, yakaingia kinywani, yanatufanyia lile lile yanalomfanyia nguruwe. Yakikaa kwenye ubongo, huja kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, ambako watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, asilimia 30 ya kifafa chote kinatokana na tegu. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliweka watu 17,853 waliopata kifafa cha namna hiyo na vifo 212 kwa mwaka 2012 peke yake. Makadirio hayo yana ukingo mpana sana juu na chini, na waliyoyafanya walisema hivyo wenyewe.

Kuna msomaji ambaye sasa hivi anashukuru kimoyomoyo kwamba kwao hawali kitimoto. Nina habari yake. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza wagonjwa wanne wa New York waliokutwa na vifuko vya tegu kwenye ubongo. Walikuwa Wayahudi wa madhehebu yanayoshika sana sheria za chakula, watu ambao nyama ya nguruwe haivuki kizingiti chao. Uchunguzi uliishia jikoni mwao wenyewe, kwa wasaidizi wa kazi za nyumbani waliotoka nchi ambako tegu yupo. Mwenye tegu tumboni anaweza kuwa yeyote, na mikono yake inaweza kukukandia unga wewe usiyemjua nguruwe hata kwa harufu. Dini inaweza kukukinga na mnyoo wa utumboni. Kwenye kifafa chake, ulinzi ni choo cha jirani yako.

Sasa, mbele ya ushahidi kama huo tumefanya nini? Tumemhukumu nguruwe. Vijiji vina sheria ndogo: nguruwe akionekana nje, mwenye mali atozwe faini, na mahali pengine mgambo wampige mnyama hapo hapo. Nimezisoma kadhaa za vijiji vya magharibi ya Songea wakati nikikusanya takwimu zangu, na zina jambo moja linalonikera kuliko yote. Kwa kawaida zinaamka msimu wa mvua. Mahindi yakishaota nguruwe anafungiwa, kwa sababu akiingia shambani kwa mtu ni kesi. Mahindi yakishavunwa anafunguliwa, na hakuna mtendaji anayemuuliza mtu. Tunajua kumfungia nguruwe kwa ajili ya mahindi. Hatujawahi kumfungia kwa ajili ya ubongo wa mtoto.

Na huko kufungiwa kwenyewe, uende ukuone. Niliingia kwenye mabanda mengi kiasi kwamba nguo zangu zilinikataa. Baadhi yalikuwa mazuri, ya kichanja, sakafu ya mabanzi yenye nafasi za kupitisha mavi, kivuli, kihori cha chakula na cha maji. Mengi hayakuwa hivyo. Yalikuwa matundu ya nguzo tano, matope mpaka magotini pa mnyama, chombo cha maji kimekauka, na nguruwe jike mwenye matiti yanayoburuta anatafuna nguzo kwa njaa. Mnyama huyo atatoka. Atafukua, atapenya, atavunja, na akitoka ataelekea kule kule nyuma ya migomba. Kisha atashuhudiwa kwamba ni mkaidi.

Ndiyo maana nakataa kabisa hoja kwamba ustawi wa wanyama ni mambo ya Wazungu wenye paka wa kulala kitandani. Nimeisikia hoja hiyo darasani, nimeisikia kwa wafadhili waliodhani wananifurahisha, na nimeisikia kwa mjomba wangu, ambaye anafuga. "Mwanangu, sisi wenyewe hatujashiba, unataka nguruwe ashibe?" Ndiyo, mjomba, nataka ashibe, kwa shikamoo yote ninayokudai na unayonidai. Nguruwe aliyeshiba hali kinyesi. Hiyo ni hesabu, huruma ataiongeza anayeitaka. Pumba, mashudu, majani ya viazi, maji safi mara mbili kwa siku, mahali pakavu pa kulala: kila kimoja kati ya hivyo kinamwondoa nguruwe hatua moja kutoka kwenye mayai ya tegu. Wanaotunga sera hupenda kugawanya: hiki ni cha mifugo, hiki ni cha afya, hiki ni cha maji na mazingira. Kihori chenye chakula kinawacheka wote watatu.

Isitoshe, sheria tunayo. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19, mwaka 2008. Haikuletwa na paka wa mtu. Kwenye vijiji nilivyopita nilimuuliza kila mtendaji kama anaijua, na wengi walidhani naongelea hifadhi na tembo.

Nirudi kwenye ulimi, maana hapo ndipo maneno "ustawi" na "afya" yanapokutana kwa namna ambayo hakuna warsha iliyowahi kunionyesha. Mchuuzi akija kununua, anataka kuona punje. Wanaume wawili au watatu wanamwangusha nguruwe ubavu, mmoja anakalia shingo, mwingine anapenyeza kipande cha mti katikati ya taya ili zisifunge, wa tatu anaushika ulimi kwa kitambaa na kuuvuta nje mpaka mwisho. Anapapasa kwa kidole chini yake. Mlio wake unasikika kijiji kizima, na watoto wanakuja kutazama. Meno hupasuka, ulimi huchanika. Mnyama akionekana mzima anafungwa na kuondoka. Akionekana na punje, mchuuzi anatema mate, anapanda pikipiki yake, anakwenda nyumba ya pili, na mnyama aliyekwisha kuteswa anabaki na mwenye mali aliyekwisha kupata hasara.

Huyo mwenye mali atafanya nini? Jiulize wewe kama ni ada ya mwanao. Sijakutana na mfugaji hata mmoja aliyelipwa chochote nyama yake ilipotupwa na mkaguzi. Basi hampeleki kwenye ukaguzi. Anamchinja usiku, au anamuuza kwa bei ya kutupa kwa mtu asiyeuliza maswali, na nyama inachanganywa na nyingine. Tumejenga utaratibu ambao nguruwe mgonjwa ndiye anayekwepa jicho la daktari kwa uhakika zaidi kuliko nguruwe mzima. Kisha tunaita semina kujadili kwa nini takwimu za machinjioni zinapendeza.

Kuna jambo jingine, nalo nitalisema taratibu. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichapisha walichokiona kwa nguruwe 16 waliougua tegu kwa njia ya kawaida, hapa Tanzania, wakiwalinganisha na wazima. Waliwafunga kamera wakawatazama kwa siku nyingi. Wawili kati yao walianguka kifafa. Si mfano wa maneno. Walikakamaa, wakatupwa chini na misuli yao wenyewe, wakatoka povu, kisha wakainuka wakiwa hawajui walipo. Ukiusoma utafiti ule baada ya kumwona mtoto wa jirani akianguka, unakosa mahali pa kuweka macho. Nguruwe wengine walioambukizwa hawaanguki, wanajitenga tu, na mfugaji anasema huyu ni mpole.

Ugonjwa ni ule ule, ubongo ni ubongo, na maumivu hayana lugha ya taifa. Mtoto wa kifafa kwetu hukimbiwa, kwa imani kwamba povu lake linaambukiza. Anaangukia mafiga, watu wamesimama mbali, anaungua mkono huku kila mtu akingoja povu likauke. Anaondolewa shule kwa sababu walimu wanaogopa. Nguruwe wa kifafa hukatwa koo. Wote wawili wanachukiwa kwa ugonjwa waliopewa na kinyesi cha mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye hata yeye hajui kwamba anaubeba, na ambaye dawa ya vidonge vya siku moja ingemwondolea mnyoo.

Najua nitaambiwa kwamba suluhisho ni elimu. Neno hilo kwetu limekuwa kama panadoli. Ni kweli elimu inasaidia: kule Mbulu, Profesa Helena Ngowi wa Sokoine na wenzake walifanya jaribio la elimu ya afya vijijini, na maambukizi ya nguruwe yalipungua. Yalipungua, hayakwisha. Na mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, redio katikati, watu karibu milioni mbili wamekaa kwenye vikundi wakisikiliza habari za malaria, safura na kichocho, wakitoka hapo wakichimba vyoo. Sidhani kama kuna kizazi kilichoelimishwa kuhusu choo kuliko babu zetu. Vyoo walichimba. Vingi nilivyoviona safari hii vilikuwa na shimo lakini havikuwa na mlango, na nguruwe hahitaji kubisha hodi.

Wanaoleta elimu mara nyingi wanadhani wanakuja kwenye kichwa kitupu. Hawa ni watu wa ngolo. Wamatengo wamelima miteremko mikali ya Mbinga kwa vizazi vingi kwa mashimo hayo: wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari iliyokatizana, wanawake wanachimba katikati na kuzifunika kwa udongo, mvua inakamatwa shimoni, udongo haushuki bondeni, nyasi zinaoza na kuwa mbolea ya maharage. Mtu aliyejua kwamba nyasi, maji, udongo na chakula ni kitu kimoja hahitaji bango la rangi nne la kumweleza Afya Moja. Anahitaji mabanzi, misumari na mlango wa choo. Anahitaji pia mtu wa kumwambia kweli moja ambayo hakuna aliyemwambia, kwamba mnyoo unatoka kwake. Niliwaambia hivyo kina mama wa kikundi kimoja cha kukopeshana, chini ya mwembe. Walinyamaza. Kisha mama mmoja mtu mzima akasema, "Kumbe ndiyo maana hamtuambii. Mngetuambia, mngetakiwa mtupe dawa sisi, siyo kuwapiga nguruwe." Nimehudhuria mihadhara ya wiki nzima ambayo haikufika hapo.

Dawa ipo. Oksifendazole, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, inaua vifuko vilivyo kwenye nyama ya nguruwe, ingawa vile vya kwenye ubongo haviondoi vyote. Inabidi mnyama akae wiki tatu hivi kabla ya kuchinjwa, na alama za vifuko vilivyokufa hukaa zaidi ya hapo, kwa hiyo ni dawa ya kumpa mapema, si ya kumtafutia mteja kesho. Chanjo nayo ipo, TSOL18, iliyotokana na kazi ya wanasayansi wa Melbourne na inayotengenezwa India. Imejaribiwa pamoja na oksifendazole kwenye vijiji vya nyanda zetu za juu kusini. Nguruwe aliyechanjwa na kutibiwa hana cha kumrudishia binadamu. Kwa watu kuna prazikwanteli, ile ile wanayopewa wanafunzi kwa ajili ya kichocho, ingawa mahali penye tegu haifai kugawiwa kiholela, kwa kuwa mwenye vifuko kwenye ubongo anaweza kuangushwa na dawa yenyewe. Inataka mganga na daktari wa mifugo wakae meza moja na kupanga tarehe. Nilipomuuliza afisa mmoja kwa nini hawapangi, alinijibu kwamba bajeti ya nguruwe haiwezi kununua dawa ya watu, na ya watu haiwezi kununua ya nguruwe. Alikuwa hatanii.

Wakati huo huo, nilialikwa kwenye warsha ya siku tatu ya Afya Moja, hoteli nzuri, mkoa ambao sitautaja. Kulikuwa na wataalamu wa binadamu upande huu, wa mifugo upande ule, na watu wa mazingira karibu na mlango. Tulichora duara tatu zilizopishana. Mchana tulikula, pamoja na vingine, kitimoto. Siku ya tatu nikauliza kama katika maazimio tunaweza kuandika sentensi moja kuhusu hali ya mnyama mwenyewe, maumivu yake, maji yake, namna anavyosafirishwa. Mwenyekiti, kwa upole kabisa, alisema hilo ni la ajenda nyingine. Ajenda gani? Kama duara la mnyama halina mnyama ndani yake, tumebaki na duara mbili na jina zuri.

Sisemi kwamba mtoto na nguruwe ni sawa. Wanaonisoma haraka watasema nimesema hivyo. Ninachosema ni kwamba hapa kwetu, kwa ugonjwa huu, hakuna njia ya kumlinda mtoto inayopita juu ya mgongo wa nguruwe. Faini haikumlinda, ndiyo maana mwenye nguruwe huwafungua usiku. Rungu la mgambo halikumlinda. Kupiga marufuku ufugaji hakutamlinda, kutamnyima ada tu, maana nguruwe ndiye benki ya mama wa vijiji hivi: ng'ombe ni wa baba, nguruwe na kuku ni wa mama, na jike moja likizaa vizuri sare na madaftari vinapatikana. Mlolongo wote unakatika mahali pawili tu, kwenye choo cha mtu na kwenye sahani ya nguruwe, na mahali pote pawili panahitaji mtu ajali kiumbe mwingine anavyoishi. Banda bora linafanya kazi ya ziada pia. Homa ya nguruwe, ile iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na ambayo hadi leo haina tiba, hupenda nguruwe wazururaji. Ikiingia kijijini hufuta ile benki yote kwa wiki chache.

Kwa hiyo ninataka vitu vidogo, vya kuchosha, visivyofaa kupigwa picha. Mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake uruhusu mabanzi na bati la banda la kichanja, ukaguliwe na bwana mifugo kabla ya mbegu ya nguruwe kutolewa. Nyama inayotupwa kwa sababu ya tegu ilipiwe angalau nusu, ili mgonjwa aletwe kwenye mwanga. Ulimi uachwe kinywani: kipimo kinachokosea kiasi kile hakistahili meno ya mnyama. Nguruwe wasifungwe miguu na kulazwa chali juu ya chuma cha pikipiki kilomita 100 kutoka Mbinga hadi mjini, watengenezewe tenga, kama tunavyowatengenezea kuku na nyanya. Na kila mahali panapopatikana nguruwe mwenye punje, mtu wa afya aende kaya hiyo na kaya za jirani kutafuta tumbo lenye tegu, kwa adabu, bila mgambo, kwa sababu yupo hapo karibu, hana dalili, na hana kosa.

Hili la mwisho linawezekana kesho. Kwenye kata moja niliyofanyia kazi, zahanati ina daftari la wagonjwa wa kifafa, limefunikwa kwa gazeti la zamani. Ofisi ya mifugo ina daftari la ukaguzi wa nyama, jalada gumu, rangi ya bluu. Nilihesabu hatua kutoka mlango mmoja hadi mwingine, 212, nikaangalia mara mbili kwa sababu namba hiyo nilishaiona mahali. Niliomba ruhusa nikayaweka madaftari hayo mawili mezani pamoja, na kwa mchana mmoja, kwa penseli, nikaandika vitongoji vilivyomo kwenye yote mawili. Vitatu vilijirudia mno. Sitadai kwamba hiyo ni sayansi. Tabibu na bwana mifugo, ambao wanasali jumuiya moja na wanacheza bao pamoja, waliinama juu ya ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha bwana mifugo akaweka kidole kwenye kitongoji cha kwanza na kumuuliza mwenzake kama ana vidonge stoo. Anavyo, alisema, lakini ni vya kichocho. Wamekubaliana kuandika barua moja, yenye saini mbili, kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo inakaa mwisho wa robo mwaka. Ajenda ya tisa, kabla ya mengineyo.